Vyungu vya Ikombe: Sura Yake ni Mali ya Nani?

(Maneno ya kamati ya uchumi katika mkutano wa mwaka wa chama chetu)



Tumepewa nafasi tueleze kwa nini mwaka huu, kwenye orodha ya michango, chini ya madawati na zahanati, kuna mstari mpya ulioandikwa "vyungu". Wengine mmetuuliza kwa mshangao. Mzee mmoja alituambia waziwazi kwamba chungu hakijawahi kuhitaji karatasi. Tunamheshimu, na jibu letu ndilo hili.

Aliyekulia Matema analijua soko la Jumamosi pale Lyulilo. Mitumbwi inafika kutoka Ikombe, chini ya milima ya Livingstone, imejaa vyungu vilivyotenganishwa kwa nyasi visigongane. Wafinyanzi ni akina mama wa Kikisi, na kazi hiyo wameirithi kwa mama na bibi zao. Kutoka ufukweni vyungu vinapanda gari kwenda Kyela mjini, Tukuyu, Mbeya, na vingine vinafika Dar es Salaam. Mtu wa kwetu akikiona kimoja sebuleni kwa jirani, haulizi kimetoka wapi. Ukuta mwembamba, uso uliosuguliwa ukalainika, nakshi za udongo mwekundu: vinamtosha.

Sasa fikirini mtu mwenye kiwanda, popote pale, anainunua mitungi mitatu Lyulilo, anaitengenezea kalibu, anamwaga maelfu kwa plastiki au kauri. Hajaiba chungu hata kimoja, maana alilipa. Alichochukua ni sura.

Sheria inatenganisha mambo ambayo sisi huyachanganya. Jina hulindwa kwa alama ya biashara. Uvumbuzi wa namna kitu kinavyofanya kazi hulindwa kwa hataza. Sura yenyewe, yaani umbo, mistari, nakshi na rangi kama jicho linavyoviona, ina usajili wake wa pekee. Na hata hapo, kile ambacho kipo kwa sababu ya kazi tu hakihesabiki. Chungu kina tako la mviringo ili kikae vizuri juu ya mafiga. Mviringo huo hakuna awezaye kujimilikisha.

Sharti kubwa la usajili wa sura ni upya. Hapo ndipo wengi walitegemea tuwape habari njema, nasi hatutawadanganya: nakshi za bibi zetu haziwezi kusajiliwa kama mpya, kwa sababu si mpya. Zimeonekana sokoni miaka na miaka. Lakini kisu hicho kinakata pande zote mbili. Mgeni naye hastahili kuzisajili kama zake, mradi tuweze kuonyesha kwamba zilikuwepo kabla yake. Kuonyesha kwa nini? Maneno ya mdomo ni mepesi mbele ya msajili. Anataka picha yenye tarehe, maandishi, sampuli iliyohifadhiwa.

Mfano upo. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko kwao neno "Kikoy" kama alama yake ya biashara. Lile lilikuwa jina, si sura, lakini somo ni hilohilo: watu wa Kenya na marafiki zao walisimama, wakapinga kwa maandishi, na mwishowe ombi likaachwa. Wangenyamaza, leo mfumaji wa kikoi angeombewa ruhusa kutumia jina la nguo yake mwenyewe. Mchele wetu nao mnajua unavyoitwa "wa Kyela" kwenye magunia ambayo hayajawahi kuiona Ipinda, ila hilo tuliache kwa siku nyingine.

Kuhusu maumbo mapya kuna njia. Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilibaki na sheria ya enzi ya Mwingereza, iliyoyapa nguvu hapa maumbo yaliyosajiliwa Uingereza. Mama wa Ikombe angelazimika kuanzia London! Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2008, nayo inataja maumbo. Tanzania pia imo katika Itifaki ya Harare tangu 1999, ambayo kwayo ombi moja kwa ARIPO, shirika la Afrika la miliki ubunifu, linaweza kutaja nchi kadhaa. Nguvu ya cheti hicho mahakamani huku Bara ni swali la kumwuliza mwanasheria kabla ya kutoa senti. Ndiyo maana hatutaki kutegemea mlango mmoja. Sheria ya hakimiliki ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA, inagusa kazi za sanaa zinazotumika nyumbani pamoja na sanaa za jadi. Na BRELA husajili alama ya biashara, ambayo hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Alama hiyo, ikigongwa chini ya chungu kwa jina la ushirika wa akina mama wenyewe, si kwa jina la chama chetu wala la mfadhili, ndiyo tunayoiona ya haraka kuliko yote.

Vijana mnaobuni taa na vyombo vya maua kwa udongo uleule, tunawaomba jambo moja: msivipeleke Nane Nane, uwanja wa John Mwakangale, wala msivitupie kwenye simu kabla ya kuuliza. Kitu kikishaonekana hadharani, upya wake unaweza kuwa umekwisha siku hiyohiyo.

Fedha za mstari huu zitalipia ada za alama, ushauri wa mwanasheria, na mpiga picha atakayekaa Ikombe akiandika kila nakshi, jina lake kwa Kikisi na mwaka. Mlio Dar, Mbeya na ng'ambo mna kitu kingine tunachokihitaji. Tafuteni picha za zamani nyumbani, za harusi, za msiba, za likizo Matema, ambazo chungu kinaonekana hata pembeni. Andikeni mwaka nyuma yake kama mnaukumbuka, na mzikabidhi kwa katibu pamoja na mchango wenu.