Waliijua Mbingu ya Jana



Tarehe 29 Agosti 1975, mtu mmoja wa Japani, Minoru Honda, alitazama juu akaona nyota mahali ambapo macho ya watu hayakuwa yameona nyota. Ilikuwa katika kundi la nyota liitwalo Cygnus, lenye umbo la ndege arukaye. Ilizidi kung'aa hata ikakaribia mwangaza wa Deneb, nyota kuu ya kundi hilo. Baada ya siku chache ikafifia.

Wataalamu huiita nyota ya namna hiyo nova, maana yake mpya. Lakini kwa kweli si mpya. Ni nyota ndogo ya zamani, ivutayo gesi kutoka kwa nyota jirani. Gesi hiyo hurundikana juu yake hata ikalipuka. Nyota yenyewe ilikuwako siku zote, gizani.

Watu wengi wa nchi nyingine nao waliiona wenyewe, kabla ya kupata habari. Waliwezaje? Waliijua mbingu ya jana. Azijuaye nyota za kila siku hutambua iliyoongezeka, na hutambua iliyopungua.

Jambo hili limenihukumu. Kanisani kwetu palikuwa na mama mjane aliyekaa benchi la tatu, karibu na dirisha. Jumapili saba hakuja. Mimi, mchungaji wake, sikuona. Aliyeona ni mtoto wa shule ya Jumapili. Aliniuliza, "Pasta, yule nyanya wa peremende yuko wapi?" Tulimkuta kitandani, hajiwezi. Akasema, "Nilidhani mmenisahau." Sikuwa na la kujibu.

Zaburi ya 147 huweka mambo mawili pamoja: Mungu huwaponya waliovunjika moyo, na papo hapo huzihesabu nyota na kuziita kwa majina. Ni Mungu yuleyule. Asiyepoteza hesabu ya nyota hapotezi hesabu ya wajane.

Ndugu msikilizaji, leo kabla ya kulala, wahesabu watu wa nyumbani mwako na wa kanisa lako, mmoja mmoja, kwa jina. Ni uso upi umebadilika? Ni kiti gani ki kitupu? Usingoje mtoto akuulize. Kesho nenda ukabishe hodi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetujua hata gizani, tupe macho ya kuwaona wale uliotupa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.