Ulibeba Nini? Safari ya Mwalimu Indra Devi

(Muziki wa kipindi. Unashuka taratibu.)

Kama uko kwenye foleni ya maji na redio ameishika jirani, sogea karibu. Na kama mnasoma maandishi haya katika kikundi cha wasikilizaji, msomeeni kwa sauti yule asiyejua kusoma.

Leo naanza na swali. Siku ile ulipokimbia, ulibeba nini? Mmoja atasema: mtoto mgongoni na sufuria. Mwingine atasema: nguo nilizovaa tu. Mimi cheti changu cha sekondari kilibaki nyumbani, na kwa muda mrefu nilijihesabu kuwa mtu asiye na kitu. Ndiyo maana habari za mama ninayetaka kuwasimulia leo ziliniingia moyoni.

Mama huyo alizaliwa mwaka 1899 mjini Riga. Leo Riga ni mji mkuu wa nchi ya Latvia, lakini wakati huo ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wazazi wake walimwita Eugenie Peterson. Mama yake alikuwa mwigizaji wa michezo ya jukwaani. Mwaka 1917 mapinduzi yalitokea Urusi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, na binti huyo pamoja na mama yake wakakimbia. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 walikuwa Berlin, Ujerumani, mji uliokuwa umejaa wakimbizi wa Kirusi.

Sasa msikilizaji, tusemezane ukweli. Yeye alitoka katika familia yenye uwezo. Hakukaa miaka chini ya turubai akisubiri mgao kama sisi. Lakini kukimbia alikujua, na kuanza upya katika nchi ya watu alikujua pia. Huko Berlin alifanya nini? Alichukua kazi aliyoijua kwa mama yake: aliigiza na kucheza dansi jukwaani. Kazi hiyo haikuhitaji shamba wala nyumba. Ilikuwa mwilini mwake.

Tangu alipokuwa msichana alikuwa amesoma vitabu kuhusu India, na hamu ya kuiona nchi hiyo haikumtoka. Mwaka 1926 alikwenda Uholanzi, kwenye mkutano wa watu waliotafuta mambo ya kiroho, mahali paitwapo Ommen. Walilala kwenye mahema, kwa hiari yao. Hapo alimsikia kijana wa Kihindi, Jiddu Krishnamurti, na moyo wake ukageuka. Mwaka uliofuata alipanda meli kwenda India.

Huko aliendelea na sanaa. Mwaka 1930 alicheza katika filamu ya kimya iitwayo Sher-e-Arab, akitumia jina jipya: Indra Devi. Akaolewa na Jan Strakaty, aliyefanya kazi katika ubalozi mdogo wa Chekoslovakia mjini Bombay. Maisha yakawa ya karamu na wageni, lakini afya yake ikaharibika, akasumbuliwa na maumivu ya kifua.

Ndipo alipokwenda mji wa Mysore, kusini mwa India, kumtafuta mwalimu wa yoga aliyeitwa Tirumalai Krishnamacharya. Yoga, kwa asiyeijua, ni mafunzo ya kale ya India: kunyoosha viungo, kupumua kwa utaratibu, na kutuliza mawazo. Mwalimu alimkataa. Alisema yeye ni mgeni, tena ni mwanamke. Mfalme wa Mysore, ambaye ndiye aliyeitegemeza shule ile, akamwombea, na mwalimu akakubali shingo upande. Akampa ratiba kali na kumkataza vyakula vingi. Labda alitumaini atachoka aondoke. Hakuondoka. Alikuwa na miaka 38.

Nawaomba wale wanaosema, "Mimi nimeshazeeka, shule ni ya watoto," waisikie hiyo namba tena. Miaka 38, na ndiyo kwanza anaanza kujifunza kazi itakayomlisha maisha yake yote.

Mwaka 1939 mume wake alihamishiwa China. Mwalimu akamwambia, sasa kafundishe. Akaenda Shanghai na kufungua darasa la yoga. Mji huo ulikuwa na watu waliokimbia vita kutoka pande nyingi, wakiwemo maelfu ya Wayahudi kutoka Ulaya, na baadaye ukawa wote chini ya jeshi la Japani. Yeye aliendelea kufundisha. Hakuhitaji duka wala mtaji mkubwa. Alihitaji sakafu safi na watu waliokubali kukaa kimya.

Baada ya vita mume wake alifariki. Mwaka 1947 alikwenda Marekani, akafungua shule ya yoga Hollywood, kwenye mji wa filamu. Waigizaji wakubwa kama Gloria Swanson walikuja kujifunza kwake. Akaandika vitabu, kimoja, Forever Young, Forever Healthy, kilitoka mwaka 1953. Baadaye aliishi Meksiko na kufundisha walimu wengine, akarudi India mara nyingi kwa mambo ya kiroho, na mwaka 1985, akiwa na miaka 86, akahamia Argentina. Alifariki mjini Buenos Aires Aprili 2002, akiwa na miaka 102.

(Muziki mfupi.)

Msikilizaji, hesabu nchi hizo. Urusi, Ujerumani, India, China, Marekani, Meksiko, Argentina. Katika kila nchi aliacha nyumba. Alichobeba kila mara ni kile alichojifunza.

Nimewaangalia watu hapa kambini. Yuko mama anayesuka nywele chini ya mwembe. Ufundi huo alivuka nao mto usiku, na hakuna aliyemnyang'anya kwenye kizuizi cha barabarani. Yuko baba anayewafundisha vijana gitaa lenye nyaya tatu. Na mimi, cheti kilibaki, lakini niliyojifunza darasani hayakubaki. Ndiyo ninayotumia sasa hivi kuzungumza nanyi.

Najua wengine mtauliza: je, yoga si dini ya watu? Ni swali zuri. Mizizi yake iko katika imani za India, na sitawaficha hilo. Indra Devi mwenyewe aliwafundisha watu wa dini nyingi. Kila mmoja aongozwe na dhamiri yake, na anaweza kumuuliza mchungaji au shehe wake. Lakini pumzi ni ya kila aliyeumbwa. Kwa hiyo nawaachia zoezi dogo la kupumua.

Kaa, mgongo wima, hata juu ya ndoo iliyogeuzwa. Weka mkono tumboni. Vuta pumzi puani taratibu, ukihesabu moja hadi tatu. Itoe polepole zaidi, ukihesabu hadi tano. Usiizuie pumzi. Rudia mara kumi. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kama kawaida.

Zoezi hili haliponyi malaria wala halijazi sahani. Linasaidia kidogo usiku ule mawazo yanapokataa kulala. Na kama ndoto mbaya zinakurudia, au unaona bora usiwepo duniani, usibaki na hilo peke yako. Mwambie unayemwamini leo leo, na mwende pamoja kituo cha afya mkaonane na mhudumu. Si aibu.

Maswali ya kikundi:

1. Ni ufundi gani uliovuka nao mpaka, ambao hakuna aliyeweza kukunyang'anya?
2. Ni nani hapa jirani unayeweza kumfundisha ufundi huo, hata saa moja kwa wiki?
3. Ni jambo gani ulilosema umeshachelewa kujifunza? Nani hapa kambini analijua?

Wiki ijayo leteni majibu yenu kwa mhamasishaji wa kikundi, nami nitayasoma hewani. Mimi nitakuja na jibu langu pia. Usiku mwema, na tuzidi kuvumiliana.

(Muziki unapanda.)