Tulifuate Bonde Toka Mlimani Hadi Ziwani

Leo hatutazungumzia mbegu wala dawa ya wadudu. Nataka tuzungumze juu ya matembezi. Usicheke, ndugu yangu, ukasema matembezi ni mambo ya watalii. Matembezi haya ni kazi ya shamba, na hufanywa na kikundi kizima kwa siku moja.

Chukueni bonde moja dogo katika vilima vya mawe vya Misungwi au Magu, lenye mto wa msimu unaoshuka kuelekea Ziwa Victoria. Ondokeni alfajiri, wanaume kwa wanawake: mwenye shamba la juu, mwenye majaluba ya chini, mfugaji, na mvuvi pia. Mwalikeni bwana shamba wenu. Bebeni maji ya kunywa, viazi au michembe, kamba, jembe na nguzo tatu za miti. Mwezi wa Septemba ni mzuri, kwa sababu mto umekauka na majeraha ya ardhi yanaonekana wazi.

Anzieni juu kabisa, penye majabali. Hapo udongo ni mchanga mwepesi, ule tunaouita luseni. Unalimika kwa urahisi, nao hufaa mihogo, karanga, viazi na pamba. Lakini ndio wa kwanza kuchukuliwa na maji. Shukeni kidogo mtakuta itogolo, udongo wenye tabaka gumu chini, linalozuia maji yasizame. Ndiyo maana tunachimba majaluba ya mpunga hapo. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi. Hapo tunapata mpunga na mtama, na mvua zikiisha tunapanda dengu.

Wazee wetu waliujua mpangilio huu na kuupa majina yake. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, mkoani Tanga, alieleza kwamba udongo wa namna hii, toka kilimani hadi bondeni, umeungana kama mnyororo. Maana yake ni hii: ukivuta pete ya juu, ya chini nayo hutikisika.

Sasa fuateni mto huku mkitazama. Mkiona matuta yaliyoelekezwa chini, simameni. Kila mfereji kati ya matuta hayo ni barabara ya maji. Mkiona njia ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja mtoni, simameni tena. Leo ni njia ya mifugo, lakini mvua chache zikipita itakuwa korongo ambalo hata mkokoteni hauwezi kulivuka. Mkifika kwenye majaluba, chimbeni kidogo kwa jembe. Mara nyingi mtakuta mchanga mweupe umelala juu ya udongo mweusi. Ule mchanga si mgeni. Ni luseni ya jirani yenu wa juu. Yeye amepoteza shamba, na huyu wa chini hakupata faida, maana jaluba lililojaa mchanga halishiki maji.

Mwisho mtafika ufukweni. Penye mafunjo na matete, maji ya mto hupunguza mwendo na kuacha matope yake humo. Penye mafunjo yaliyofyekwa, matope huingia ziwani moja kwa moja. Hapo mwacheni mvuvi aseme. Atawaeleza habari za ningu, samaki anayepanda mitoni kutaga mvua zinapokuja, na jinsi alivyopungua ziwani. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zimechangia sana. Kwa hiyo mvuvi naye ana hesabu yake ya kutoa, si mkulima peke yake.

Tahadhari moja: msiingie miguu mitupu katika madimbwi yaliyobaki mtoni. Konokono wa kichocho hukaa humo. Na watoto wasioge hapo.

Haya, mmeona. Sasa mfanye nini? Hapa ndipo penye ugumu. Mwenye shamba la chini atasema, "Wa juu ndio wanaotuharibia." Wa juu atajibu, "Mvua ni ya Mungu, na mimi nina jembe moja tu." Wote wawili wana haki. Kuchimba makinga maji ni kazi nzito, na sehemu kubwa ya faida humwendea mtu wa chini. Kwa nini basi mzigo wote aubebe wa juu?

Ushauri wangu ni huu: jembe la wa chini lipande mlimani. Usukumani tunajua kulima kwa zamu chini ya nsumba ntale. Zamu hiyo hiyo itumike kwa bonde. Wenye majaluba watoe siku za kuchimba makinga maji juu, na wenye mashamba ya juu waahidi kulima kwa kukingama mteremko.

Nguzo tatu mlizobeba ndizo kipimo chenu. Fungeni mbili zilizo sawa kwa urefu, kwa umbo la herufi A, ya tatu iwe kipingo. Ning'inizeni jiwe kwa kamba toka kileleni. Simamisheni, wekeni alama kamba inapogusa kipingo. Geuzeni miguu mahali pale pale, wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Tembezeni kipimo hicho shambani, mkipiga mambo chini, nanyi mtapata mstari wa kuchimbia. Kati ya matuta wekeni vizuizi vifupi vya udongo, maji yatulie na kuzama.

Kandokando ya mto, kumbukeni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57. Inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Hizo ni kama hatua 80 za mtu mzima. Zihesabuni siku hiyo hiyo. Kwa malisho, igeni wenzetu wa Shinyanga, waliofufua ngitili zao kwa msaada wa mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986.

Kabla ya kutawanyika, kaeni chini ya mti, mwandike makubaliano: nani atachimba wapi, siku gani, na ng'ombe watapita njia ipi. Yapelekeni kwenye halmashauri ya kijiji. Kisha mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, rudini bondeni mtazame rangi ya maji. Yakiwa mekundu kama chai, kazi bado. Yakianza kuwa meupe, mjue udongo wenu umebaki nyumbani.