Haki ya Jirani Ibadani: Mhadhara juu ya Kukusanyika kwa Wakristo wa Kitui na Makueni



Shauri nililokuja nalo ni hili: Mkristo huenda ibadani kwa ajili ya haja yake, naam, lakini zaidi kwa ajili ya mwenziwe anayehitaji kumkuta pale, na mtu asalipo nyumbani peke yake Jumapili baada ya Jumapili ilhali ana nguvu za kutembea, hata akisali kwa ikhlasi kuu, amezuia haki ya jirani. Wako wengi wanaosema kwamba imani ni siri ya mja na Mola wake, na ukweli uliomo katika usemi huo siukanushi. Walakini tarehe ya nchi yetu hii ina ushahidi usiofaa kupuuzwa.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyetoka Rabai kule pwani akafika Kitui mwaka 1849, akapokewa na Kivoi, tajiri mashuhuri wa misafara, na tarehe 3 Desemba akauona mlima Kenya kwa mbali, alikuwa mtu wa elimu nyingi na imani isiyotikisika. Lakini aliporudi mwaka 1851, Kivoi akauawa njiani na msafara ukatawanyika, alitangatanga nyikani kwa njaa na kiu hata akajiponya kurudi pwani, wala hakuacha Ukambani, nchi ya Wakamba, jamaa ya waumini. Wamisionari Waskoti waliotua Kibwezi mwaka 1891 walichoshwa na homa wakahamia Kikuyu mwaka 1898. Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission, aliyefungua kituo Nzaui mwishoni mwa 1895, alifariki Desemba 1896, na wenziwe wakafa au wakaondoka hata kituo kikakaribia kuachwa kwa mtu mmoja. Hawa wote hawakukosa bidii wala ujasiri. Walichokosa ni jamaa ya wenyeji ambayo ingeendelea kukutana siku ambayo mgeni hayupo.

Jamaa hiyo ilipopatikana, mambo yaligeuka. Wamisionari Wajerumani wa Leipzig waliokuwa Ikutha na Mulango waliondoshwa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, na kazi yao ikapokewa na wamisionari wengine. Agano Jipya likatoka kwa Kikamba mwaka 1920 na Biblia nzima mwaka 1956, na kitabu kimoja kikawa kinasomwa na mmoja na kusikizwa na wengi chini ya mti. Mwaka 1945 African Brotherhood Church ilianzishwa na Wakamba wenyewe. Dayosisi ya Kikatoliki ya Kitui iliundwa mwaka 1964, na ya Wote, kwa ajili ya Makueni, mwaka 2023. Haya nayapitia upesi, kwa kuwa nguvu yenyewe nadhani ilitoka mahali pa kale zaidi.

Ilitoka katika mwethya, yaani kikundi cha kazi ya ushirika cha Wakamba. Kabla ya kanisa lolote kujengwa, watu wa utui mmoja, yaani kitongoji kimoja, walijua kukusanyika shambani kwa mtu mmoja, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na hata sasa ni mwethya, wengi wao wakiwa akina mama, unaochimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua na kubeba mawe ya mabwawa ya mchanga katika mito ikaukayo. Katika kazi hiyo asiyekuja hutambuliwa mara moja, kwa kuwa zamu yake huangukia mgongo wa mwingine. Naye hutumiwa mtu kumwuliza ana nini, maana huenda ni mgonjwa. Nasadiki kwamba Mkamba aliyeusoma waraka kwa Waebrania, katika sura ya 10, pale waumini wanapokatazwa kuacha kukusanyika, hakukuta amri ngeni.

Ndipo ukaja mwaka 2020. Mwezi Machi makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona, na yalipofunguliwa Julai sharti likawa watu wasiozidi 100, muda usiozidi saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wasalie nyumbani. Hatua hizo zilikusudiwa kulinda uhai, nami sizilaumu. Lakini tafakarini ibada isiyo na watoto wala wazee! Redio za Kikamba zilileta mahubiri hadi jikoni, na ni neema iliyowafariji wengi. Ila sauti ile ilikwenda upande mmoja. Bibi alimsikia mhubiri, na mhubiri hakumsikia bibi akiimba, wala hapakuwa na wa kuona kwamba mguu wake umevimba au kwamba mtungi wake una siku mbili bila maji. Kuonana huko kulihitajika hata kabla ya korona: katika njaa ya 1984, ambapo watu walikuwa na fedha mkononi na nafaka haikuonekana dukani, makanisa yalikuwa miongoni mwa njia za kugawia chakula; na mgao hauwezi kuwa wa haki kwa watu ambao hakuna azijuaye nyuso zao.

Najua pia kwamba wako waliojitenga kwa kuumizwa: kwa fitina za uongozi, kwa michango isiyokwisha inayomwaibisha maskini mbele ya watu, kwa mimbari iliyoachiwa wanasiasa, jambo ambalo Kanisa la Kianglikana la Kenya lililipiga marufuku Septemba 2021, na likafanya vyema. Mtu wa namna hiyo asikaripiwe. Jamaa iliyomjeruhi ndiyo inayodaiwa hatua ya kwanza, nayo ni kumwendea na kumwomba radhi.

Na wale wazee wa zaidi ya miaka 58 waliozuiwa mwaka ule, baadhi yao hawakurudi tena. Magoti yamechoka, na njia ya kwenda kanisani ni ndefu na ya jua kali. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele tangu miaka ya 1970, na madhehebu mengine yanayo makundi yao ya majumbani. Basi jumuiya na ikutane uani kwa mzee huyo, watoto wakiwapo, yeye mwenyewe achague wimbo, asome ikiwa macho yanamruhusu, na sadaka ikusanywe hapo hapo pamoja na yake.