Sauti ya Pili



Mama mmoja wa kanisa letu alikuwa akitiwa dawa za saratani, zile za dripu. Nywele zilikuwa zimekwisha kichwani, hata chai haikuwa na ladha kinywani mwake. Nilipomzuru nilisoma Zaburi, nikaomba, nikashika kofia yangu niondoke. Akaniambia, “Mchungaji, tangu niugue watu huniuliza habari za dripu tu. Mimi bado ni wa sauti ya pili katika kwaya.” Nikaona haya, nikaketi tena.

Katika Marko sura ya 5 tunasoma habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, na mali yake yote ikaishia kwa waganga. Alipoponywa angaliweza kwenda zake kimya. Lakini Bwana alisimama katikati ya msongamano akamtafuta, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwita binti yake. Na Yairo alikuwa akingoja, mtoto wake yu mahututi!

Juma lililofuata wanakwaya wenzake walimwendea na uji na kitabu cha nyimbo. Aliimba ubeti mmoja, akachoka. Wenzake wakauendeleza wimbo, naye akawasahihisha sauti ya pili.