Kichwa Kinakwenda Ulaya, Nyama Inabaki na Nani?

(Haya ni maneno aliyoyasema mzee mmoja, aliyewahi kuwa mchuna ngozi katika kambi za uwindaji, mbele ya vijana wa Manzese, Dar es Salaam. Tunayachapa karibu yote kama alivyoyatoa.)



Nimeitwa niseme habari ya kazi niliyoifanya nikiwa kijana kama nyinyi. Kazi yenyewe haina jina zuri. Nilikuwa mchuna ngozi. Misimu saba nilikaa porini Selous, kila Julai mpaka Desemba, kisu kiunoni, chumvi imejaa mpaka kwenye kucha. Mtasema, mzee, hiyo nayo ni kazi ya kuja kuhutubia watu? Subirini kwanza.

Wote mmeiona ile picha. Mzungu amepiga goti, bunduki imelazwa juu ya mgongo wa simba, meno yote nje. Simba ndiye amelala, anayecheka ni mwingine. Siku hizi picha hiyo inazunguka kwenye simu, watu wanatukana siku mbili, ya tatu wamesahau. Mwaka 2015 simba Cecil wa Zimbabwe alipouawa na daktari wa meno kutoka Marekani, dunia nzima ililia. Mimi nilijiuliza swali la kichunaji tu: nani alimchuna?

Maana ile picha ni shughuli ya dakika kumi. Na picha yenyewe ni ya kutengenezwa. Tunaosha damu kwa maji, tunarudisha ulimi ndani, tunaziba pua kwa majani, tunaweka kijiti chini ya kidevu ili kichwa kisimame. Mnyama anapambwa kama bwana harusi. Mgeni akishapigwa picha yake anarudi garini kunywa maji baridi. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana watu wa mjini wanadhani mwindaji anapiga mnyama, basi, anakula. Mgeni aliyelipa madola kwa safari ya siku 21 hakuja kutafuta mboga. Amekuja kutafuta nyara. Tukishusha mbogo dume, chakwanza ni ngozi ya mabega, shingo na kichwa. Inapasuliwa nyuma ya miguu ya mbele, inavuliwa kama unavyovua fulana. Kambini kuna banda letu, mbali na mahema ya wageni kwa sababu ya harufu. Hapo unageuza masikio ndani nje kama soksi. Unapasua midomo. Unazunguka jicho kwa ncha ya kisu, pole pole, maana ukitoboa kope umeharibu mali ya mtu na kibarua chako kimeota nyasi. Halafu chumvi. Si ya kunyunyiza kama kwenye mchicha, bali ya kusugua, kilo kwa kilo, mpaka ngozi itoe maji yote. Kesho yake unakung'uta, unatia nyingine. Unaanika kivulini. Ukiianika juani inapikika, manyoya yanang'oka.

Fuvu linachemshwa kwenye pipa mpaka nyama iachie. Pembe za mbogo ukizichemsha zinachomoka kama ala ya panga, ndani unakuta mfupa. Simba ana vifupa viwili vidogo mabegani ambavyo havikushikana na mifupa mingine. Wageni wanavijua hivyo vifupa! Wanavihesabu. Vikikosekana kambi nzima hailali, maana nyumbani kwao vinavishwa dhahabu na mke anavaa kama kipini. Mafuta ya simba ndiyo yaliyokuwa yakitafutwa na wazee wa vijijini kwa dawa. Nyama ya simba ilikuwa ya fisi na tai.

Chui naye ana hesabu yake. Chui hafuatwi, anategwa. Na anategwa kwa nyama. Kwa hiyo kabla ya kumpata chui mmoja mnapiga kongoni, swala, wakati mwingine pundamilia, mnaning'iniza mapande juu ya miti huku na huku, mnangoja. Hiyo nyama inaoza pale pale mtini ili inuke. Mimi mtoto wa mkulima, niliyezoea nyama siku ya Idi na siku ya harusi, kazi yangu ilikuwa kupanda mti kufunga paja zima la kongoni kwa waya, kisha kushuka na kuliacha. Siku ya kwanza mkono ulikataa.

Halafu kulikuwa na ugomvi wa shingo. Wengi wetu kambini tulikuwa Waislamu. Mnyama akianguka, mfuata nyayo wetu anatimua mbio na kisu ili amuwahi kabla hajakata roho, amchinje, tupate kula. Mgeni huku nyuma anapiga kelele: shingo yangu! Anataka shingo nzima, ikatundikwe ukutani bila mshono. Tukafundishwa kukata chini kabisa, karibu na kifua. Wengine wakasema hiyo si kuchinja, wakala ugali na chumvi. Tulifurahi sana akija mgeni anayetaka fuvu na pembe tu, ngozi hana haja nayo. Huyo shingo ni yetu, tukata tunavyotaka.

Na nyama? Dume la mbogo hufika kilo mia sita, mia saba. Toa kichwa, ngozi, matumbo na mifupa, bado una nyama ya kulisha mtaa huu wote. Mgeni anakula sarara, ulimi na supu ya mkia. Sisi tunabanika tunayoweza, kila mtu na furushi lake la kurudi nalo kwao msimu ukiisha. Nyingine inapelekwa kijijini, kama kijiji kipo karibu, kama gari lina nafasi, kama mafuta yapo, kama bwana wa kambi ameamka vizuri. Hizo "kama" ni nyingi, na ikikosekana moja nyama inabaki porini. Nimewaona mbogo wawili wameachwa na minofu yao kwa sababu gari lilikuwa limejaa makreti ya bia. Sitaitaja kampuni. Ilikuwa zamani, na kambi ya jirani haikuwa bora.

Kichwa ndicho hakiachwi! Kichwa kina karatasi kuliko mimi na wewe. Kinasajiliwa, kinapimwa, kinafungwa kwenye kasha, kinapata kibali cha kusafirishwa, cheti cha daktari wa mifugo, na kama ni simba, chui au tembo kinapata na cheti cha mkataba wa kimataifa wa CITES wa mwaka 1973. Kinapanda meli au ndege. Kikifika kwao kinaingia kwa fundi. Msidhani huyo fundi anajaza majani makavu ndani. Hiyo ilikuwa zamani. Leo anayo sanamu ya povu gumu la plastiki, yenye umbo la mbogo au simba, anaivisha ngozi aliyoilainisha kwa dawa, anatia macho ya kioo, anapaka rangi puani. Mgeni anasubiri miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Kisha anakitundika chumbani, anaita marafiki.

Na hili halikuanza jana. Wale simba wawili wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli ya Mombasa na Uganda, mhandisi Patterson aliwaua Desemba 1898. Mnajua alifanya nini na ngozi zao? Alizitandika sakafuni. Simba waliosimamisha reli ya Malkia walikanyagwa na viatu kwa robo karne! Mwaka 1924 akaziuza pamoja na mafuvu kwa makumbusho ya Field ya Chicago, dola 5,000. Mafundi wakahangaika kuzirudishia umbo la simba, na kwa kuwa zilikwisha kukatwa zikiwa zulia, simba wale wa Chicago leo ni wadogo kuliko walivyokuwa wakiwa hai.

Aliyekuwa Rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alitua Mombasa mwaka 1909 na mwanawe Kermit. Walibeba tani nne za chumvi. Tani nne! Chumvi ya ngozi hiyo, haikuwa ya kachumbari. Baba na mwana walipiga wanyama 512. Yeye alijitetea kwamba kwa ajili yao wenyewe walibakiza nyara kama kumi na mbili tu, nyingine zote ni za makumbusho ya Smithsonian kule Washington, au zililiwa. Na ni kweli zililiwa, maana mamia ya wapagazi walikuwa nyuma yake wamebeba hayo makasha kichwani, nao walikuwa na njaa. Hao wapagazi nawahesabu kuwa wazee wangu wa kazi. Vitabu vimejaa majina ya bunduki, yao hayamo.

Sasa nije kwenye hilo neno nyara. Nyinyi ni vijana wa Kiswahili. Nyara ni nini? Ni kile anachoondoka nacho mtu aliyeshinda vita. Ndiyo maana mtu akitekwa tunasema ametekwa nyara. Serikali ililichukua neno hilo likaingia kwenye sheria, na katika sheria nyara si kichwa tu. Ni pembe, jino, ngozi, unyoya, yai, na ni nyama vilevile. Kipande cha swala ndani ya sufuria ya mama yako ni nyara ya serikali kama meno ya tembo.

Mtoto wa shangazi yangu alikutwa na paja la swala ndani ya gunia, juu ya baiskeli. Hana bunduki, hana gari. Alikuwa na mtego wa waya na watoto watano. Hii ilikuwa baada ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kesi hizi zikipelekwa kwenye sheria ya uhujumu uchumi kifungo kinaanzia miaka 20. Uhujumu uchumi, kwa paja la swala! Mahabusu alikaa zaidi ya mwaka, kila wakifika mahakamani wanaambiwa upelelezi haujakamilika. Akapewa miaka yake ishirini.

Aliachiwa kwa rufaa, baada ya miaka minne. Na sababu ya kuachiwa nataka mwijue, maana iko siku itamfaa mtu. Nyama inaoza, haiwezi kungoja hukumu. Kwa hiyo wanakwenda kwa hakimu kuomba amri ya kuiteketeza, na inaandikwa orodha ya mali. Sharti ni kwamba mshtakiwa awepo mbele ya huyo hakimu na aulizwe kama ana neno. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta hukumu kwa sababu mshtakiwa hakuwepo au hakuulizwa. Binamu yangu hakuulizwa. Alikuwa amefungiwa seli, nyama inachomwa nje.

Sisemi alikuwa na haki ya kutega. Wanyama wakitegwa na kila mwenye waya watakwisha, na nyinyi mnaonunua nyamapori usiku kwa mtu mwenye mfuko wa rambo ndio mnaowasukuma wanaotega. Acheni. Mbali na jela kuna kimeta, ugonjwa usioonekana kwenye mchuzi. Tangu kanuni za mwaka 2020 kuna bucha halali za nyamapori, na ukinunua huko unadai risiti, unaitunza. Wala sisemi uwindaji wa kitalii ufungwe kesho asubuhi. Kenya walifunga mwaka 1977. Hapa kwetu kuna pori ambalo lingekwisha kuwa mkaa na mashamba ya ufuta kama lisingekuwa kitalu. Hilo nimeliona kwa macho.

Ninachouliza ni kwa nini kichwa kina karatasi kumi na nyama haina hata moja. Mgeni akiacha kilo mia mbili zioze, nani aliandika? Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa robo ya ada za wanyama irudi kwenye halmashauri za wilaya. Nani kijijini kwenu amewahi kusomewa hizo hesabu? Mwaka 1992 kitalu cha Loliondo kilipopewa watu wa Falme za Kiarabu, ilibidi mwandishi Stan Katabalo aandike katika gazeti la Mfanyakazi ndipo nchi ijue. Novemba 2010 twiga wanne walipanda ndege wakiwa hai uwanja wa KIA kwenda Qatar, na twiga si mnyama wa kuficha kwenye begi. Binamu yangu alionekana na gunia moja kwenye njia ya baiskeli.

Wengi hapa mna kwenu Rufiji, Liwale, Namtumbo, Tunduru. Sehemu kubwa ya pori nililofanyia kazi ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, huko hakuna tena kupiga. Lakini vitalu bado viko, na jumuiya za hifadhi za vijiji ziko tangu 2006, nyingine zina mikataba na makampuni. Mkirudi Desemba hii, msikae baa tu kuonyesha viatu. Nendeni mkutano wa kijiji. Ulizeni mkataba unasema nini kuhusu nyama: kilo ngapi, inaletwa na gari la nani, nani anasaini kupokea. Mwenyekiti atakasirika. Mwambieni mmetumwa na mchuna ngozi.

Basi. Koo limekauka. Nipeni maji, na mwenye swali anyooshe mkono. Wewe wa kofia nyekundu nimekuona tangu mwanzo, najua unataka kuuliza kama nyama ya simba inaliwa.