Tairi Kubwa na Mshale wa Spidi

Ndugu wakulima wa Musoma, Bunda na Butiama, leo tuiache pamba kidogo, tuzungumzie pikapu inayoibeba.

Mvua za masika zikianza, wengi wetu hufunga matairi makubwa ili gari lisinase topeni. Sawa. Lakini mshale wa spidi hauoni barabara. Unafuata mizunguko ya magurudumu tu.

Hebu pima mwenyewe. Tia alama ya chaki kwenye tairi na pale chini, sukuma gari mpaka tairi limalize mzunguko mmoja, kisha pima ardhi. Tuseme la zamani lilikwenda sentimita 200, na jipya linakwenda 220. Kama mshale ulikuwa sahihi zamani, sasa ukionyesha 50 wewe uko 55; ukionyesha 80 uko 88. Penye kibao cha 50, watoto wakitoka shule, hizo tano si mchezo: breki zinataka nafasi zaidi. Tena safari ya kilometa 110 itahesabiwa 100, na oili utachelewa kuibadilisha.

Basi ndugu, fungeni saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni. Mkishabadilisha, punguzeni mwendo.